Tupeane uzoefu: feni ya rejeta imegoma kuzima, tuanzie wapi kabla ya kukata waya?

Spana ya Uyole
Kamwene wakuu. Baridi ya Juni ikishika huku juu, maswali ya feni huwa hayaishi. Mtu anawasha gari saa 12 asubuhi, injini bado ya baridi kabisa, na feni ya rejeta tayari inavuma. Tuwekeane hapa tunachokijua, kila mmoja kwa magari anayoyashika sana. Taja nyuzi za joto, taja waya, taja mguu wa relei (ile swichi ya umeme inayowasha feni). "Peleka kwa fundi" haisaidii, maana nusu ya waliomo humu ndio hao mafundi.

Naanza mimi. Kwanza muulize mwenye gari feni inazunguka wakati gani hasa.

Ufunguo umeshatolewa na feni bado inazunguka: kwa magari mengi ya Kijapani hapo sensa usiisumbue. Ama relei imeganda, ama kuna waya mtu ameuvuta moja kwa moja toka betri.

Ufunguo umewekwa on, injini ya baridi, stata haijapigwa, feni inaanza papo hapo: angalia sensa ya joto, plagi yake, waya zake, halafu AC.

Feni inaanza vizuri injini ikipata moto, lakini ikishaanza haikati tena: umeme uache kwanza. Huenda feni inafanya kazi yake na injini ndiyo yenye moto kweli.

Umeme Mwanjelwa
Mkuu umeanza vizuri. Niongeze upande wa relei.

Feni ikiwa inazunguka, chomoa relei yake. Ikiendelea kuzunguka, usihangaike na kitu kingine, fuata waya wa mota mpaka uone ulikounganishwa. Ikisimama, ishike relei mkononi uipime. Relei za Denso zilizo kwenye Toyota zina namba pembeni ya miguu: 1 na 2 ni koili (inayoamrishwa), 3 na 5 ni pointi (zinazopitisha umeme wa feni). Koili isome kati ya omu 50 na 120 hivi. Kati ya 3 na 5 mita, ikiwekwa kwenye mlio, isilie kabisa wakati relei haina umeme. Ikilia, pointi zimeungana. Wengine huigonga kwa mpini wa bisibisi ikaachia. Usiirudishe, itaganda tena, na safari hii itakuwa usiku.

Swali ambalo wengi wanaliruka ni kwa nini ziliungana. Mota ya feni ikichoka, bushi zikaisha au tope likaingia kwenye shafti, huvuta umeme mwingi kuliko kawaida, na kila relei inapofunga kunakuwa na cheche. Feni ya gari dogo kwa kawaida huvuta ampea 8 hadi 15. Bana waya wake kwa mita ya kubana. Ukikuta 20 na zaidi, au feni ukiizungusha kwa mkono ni nzito na inakwaruza, relei mpya nayo itakufa. Na chomoa tamino hasi ya betri kabla ya kuingiza mkono pale, feni haibishi hodi.

Kama leo huna relei, lala na fyuzi ya feni ikiwa imetolewa. Kwa betri ya ampea-saa 40, feni inayovuta ampea 10 inatosha kukunyima stata baada ya saa mbili au tatu. Asubuhi fyuzi irudi kabla ya kuwasha, iandike hata kwenye usukani.

Mama Vitz
Jamani, kabla hamjafungua boneti, angalieni kitufe cha kufuta ukungu kwenye kioo cha mbele. Magari mengi ukikibonyeza hicho, AC inawaka yenyewe hata kama taa yake haionekani, na AC ikiwaka feni lazima izunguke. Huku kwetu kuanzia Makambako hadi Mbeya mjini, asubuhi zote za Juni na Julai watu wanaendesha na kitufe hicho. Kizime, zima AC, subiri dakika mbili. Feni ikikata, gari ni zima, nenda kazini.

Spana ya Uyole
Ndaga sana mama. Hilo linaokoa watu wengi. Nyongeza ndogo: AC ikizimwa na feni isikate, na sensa ya joto ni nzima, kuna swichi ya presha kwenye bomba la gesi ya AC. Hiyo nayo ikiharibika hudanganya kwamba presha iko juu.

Karina ya Zamani
Kwa wenye Toyota za miaka ya 1990, Carina, Corolla, Starlet na ndugu zake, mzunguko wake ni wa kinyume na unachanganya vijana wengi. Swichi ya joto iliyo chini ya rejeta au karibu na nyumba ya themostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) imefunga, yaani inapitisha umeme, wakati wa baridi, ikipata moto inafungua na kukata. Relei ya feni namba 1 nayo inapitisha umeme ikiwa koili haina nguvu. Maana yake ni kwamba waya wa swichi ukikatika, plagi ikilegea au ikiota kutu, feni inazunguka muda wote ufunguo ukiwa on. Ndivyo walivyotaka: kukiwa na hitilafu, injini isiungue.

Kipimo: chomoa plagi ya swichi, ufunguo on, uguse waya wake kwenye bodi kwa waya mfupi. Feni ikisimama, waya na relei ni wazima, swichi ndiyo imekufa au haikai vizuri kwenye plagi. Isiposimama, waya umekatika kati ya hapo na boksi la relei, au relei ni mbovu.

Angalizo kwa yale aliyoandika Umeme Mwanjelwa: relei ya aina hii miguu yake ni 1, 2, 3 na 4. Mita ikilia kati ya 3 na 4 bila umeme, ndivyo inavyotakiwa, usiitupe. Na usiazime relei ya honi kujaribia hapo, pointi zake zinafanya kazi kinyume.

Umeme Mwanjelwa
Sahihi kabisa mzee, nilikuwa nazungumzia zile zenye pointi kwenye mguu wa 3 na wa 5.

Kwa Vitz, IST, Raum na wenzake wa injini ya NZ, hakuna swichi ya namna hiyo. Kuna sensa moja ya waya mbili inayopeleka taarifa kontroli boksi (kompyuta ya injini), na boksi hilo ndilo linaamrisha relei. Ukiipima ikiwa ya baridi, nyuzi 20, isome omu 2,000 hadi 3,000. Kwa nyuzi 80 isome 200 hadi 400. Ikisoma mwisho wa mita, imekatika ndani. Kwenye plagi, upande wa waya, ufunguo on, utakuta karibu volti 5. Usipozikuta, waya umekatika. Panya hupenda kulala juu ya injini yenye joto na wanatafuna hapohapo.

Ukichomoa plagi ya sensa hii na feni ikaanza, usiseme umepata ugonjwa. Kontroli boksi likikosa taarifa ya joto huwasha feni kwa makusudi. Mashine ya kusoma hitilafu ikitoa kodi P0115, P0117 au P0118, ni mzunguko huu wa sensa. Magari ya Kijapani ya mtumba mara nyingi hayasomi kwa vile vifaa vidogo vya bluetuthi. Kwa Toyota, unganisha tundu namba 4 na 13 kwenye soketi ya chini ya dashibodi, ufunguo on, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Kwa ya zamani kabisa, tumia boksi dogo chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1. Ikipepesa 22 ni sensa ya joto la maji. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuingiza waya, kuna umeme wa betri jirani.

Njombe Darasani
Nataka kukaa kwenye ile hali ya tatu ya Spana, feni kuanza na kutokata, kwa sababu huku nyanda za juu ina sura yake.

Feni nyingi huanza maji yakifika nyuzi 93 hadi 98 na kukata yakishuka kidogo. Sasa angalia: maji matupu kwenye sufuria ya wazi pale Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94. Njombe ni karibu 93. Kyela kule chini ni 98. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni presha, na presha inashikwa na kifuniko. Kifuniko kizima cha presha ya 0.9 bar kinapandisha kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 110 hata hapa kwetu. Mpira wake ukishakauka, maji yanaanza kuchemka palepale feni inapotaka kuanza. Yanatoka kidogo kidogo kupitia chupa ya akiba, hewa inabaki ndani, rejeta haipati maji ya kutosha, feni haipumziki. Gari hilohilo likishuka Kyela linaweza kuonekana halina shida kubwa, likirudi Tukuyu kwa mlima linaanza tena. Kwa hiyo kifuniko kwanza. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote mnazozitaja hapa.

Pili, kupima swichi ya joto au themostati kwenye sufuria. Vitabu vinasema themostati ya nyuzi 82 ianze kufunguka hapo na iwe wazi kabisa kwenye 95. Njombe maji hayafiki 95 hata ukeshe nayo jikoni. Utaona haijafunguka vizuri, utaitupa ikiwa nzima. Swichi inayofungua kwenye 93 nayo utaihukumu bure. Pimia kwenye kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu au mafuta ya kula, weka kipimajoto, kifaa kisiguse kitako cha sufuria.

Tatu, nyasi na wadudu kati ya kondensa ya AC na rejeta. Kwa mbele rejeta inaonekana safi, katikati kumejaa kama mto wa sufi. Osha kwa maji ya mpira ya kawaida, toka upande wa injini kwenda mbele. Presha ya kuoshea magari inakunja mapezi, na ukiwa nayo karibu unajaza maji boksi la relei, ugonjwa wa pili huo.

Dereva Kitonga
Kupanda mlima Kitonga umebeba mzigo, ukasimama juu, feni ikazunguka dakika tatu hadi tano injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), hiyo ni kawaida. Na magari ya Ulaya mengine huzungusha feni hata dakika 10 baada ya kuzima. Shika saa kabla ya kushika spana.

Mafinga 4x4
Wa Land Cruiser na Hilux za dizeli, feni yenu haina relei. Ni ya klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, inazungushwa na mkanda. Asubuhi inaweza kuvuma dakika moja au mbili halafu ikatulia, mafuta yanajipanga. Ikivuma siku nzima na gari likawa zito, injini ikiwa imezimwa na baridi, izungushe kwa mkono. Inatakiwa ikatae kidogo. Ikiwa imekaza kama imechomelewa, klachi imekufa. Usafishe pia ile springi bapa ya mbele yake, tope likigandia hapo haisikii joto.

X-Trail Ipogolo
Kwa Nissan X-Trail T31: feni ikizunguka kwa nguvu ufunguo ukiwa on NA taa kubwa zikawaka zenyewe, msinunue sensa. Boksi la umeme la kwenye injini limekosa mawasiliano na kontroli boksi, limejiweka kwenye hali ya tahadhari. Angalia plagi zake, kutu na maji.

Kijana wa Chimala
Wakuu, mimi nimeshauriwa nitoe themostati kabisa na feni nifungwe swichi ya mkono kwenye dashibodi. Vipi hapo?

Spana ya Uyole
Kaka usikubali. Bila themostati, kwa baridi ya huku, injini haifiki nyuzi 80. Kontroli boksi linaona gari bado la baridi, linamwaga petroli, plagi za cheche zinakuwa nyeusi, hita haitoi joto. Swichi ya mkono inategemea wewe ukumbuke. Ukisahau kwenye foleni ya Mwanjelwa siku moja, gasketi ya hedi inakwenda. Magari yanayokuja na feni ya "dairekti", yaani iliyofungwa bila sensa, mengi yalianza na plagi ya sensa iliyolegea tu.

Njombe Darasani
Na ukimaliza, jaza kulanti, gari dogo hula lita 4 na nusu hadi 5. Maji matupu yanafunika ncha ya sensa kwa magamba, inasoma kwa kuchelewa, na wanaopita Kitulo asubuhi ya Julai wanajua barafu ya kule. Inua pua ya gari, fungulia hita mpaka mwisho, mimina taratibu, kifuniko wazi, injini ikinguruma mpaka bomba la juu la rejeta liwe la moto na mapovu yaishe. Zima, iache ipoe kabisa, ongeza, funga kifuniko. Washa tena, AC ikiwa imezimwa, usiondoke mpaka feni ianze na kukata mara mbili.

Kijana wa Chimala
Nimeelewa. Themostati inarudi leo. Kuna mwenye kujua Subaru yenye feni mbili, moja ikigoma kukata na nyingine haianzi?

Umeme Mwanjelwa
Badilishana relei zao kwanza, mara nyingi zinafanana. Ugonjwa ukihama upande, umeshaupata. Usipohama, andika hapa mota ipi ina volti 12 na ipi haina, ufunguo ukiwa on.