Umeme mdogo Micheweni, huo unaopungua unapotelea wapi?

BintiMicheweni
Assalaam alaykum. Jamani nna suali, mwenye kujua anijibu kweli. Mie nauza barafu na juisi ya ukwaju nyumbani, nna friza moja na ndo inayotulisha mie na wanangu. Kila ikishaadhiniwa magharibi umeme unakuwa mdogo, taa kama kibatari, feni inazunguka unahesabu mapanga yake, na friza inanguruma tu haishiki. Kompresa ishaungua mara mbili. Fundi akanambia ninunue stabilaiza, nikanunua kwa pesa za kikoba, wiki ya kwanza mambo mazuri, sasa na yenyewe inakatakata na jirani analalamika kuwa tangu mie niiweke, nyumbani kwake umeme ndo umezidi kuwa mdogo! Nimeripoti mara tatu naambiwa nisubiri. Umeme si ule ule unaokuja kwa waya wa baharini kutoka Tanga, sasa huo mwengine unakwenda wapi?

FundiWaMtoni
Wa alaykum salaam dada. Unageuka joto njiani. Waya wowote unazuia umeme kidogo, ukiwa mwembamba na mrefu unazuia zaidi, na ampia, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, zikizidi mara mbili hasara haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Magharibi kila mtu kawasha, waya wa mtaani umelemewa, wa mwisho wa laini ndo mnaobakiwa na makombo. Kompresa ikikosa volti, yaani ile nguvu inayosukuma umeme, za kuanzia inasimama pale pale inavuta ampia nyingi mpaka inaungua.

Na jirani yako hasemi uongo. Stabilaiza haizalishi umeme, inapandisha volti kwa kuvuta ampia zaidi kwenye waya ule ule uliochoka, kwa hiyo kila nyumba ikiweka yake mtaa mzima unazidi kushuka. Dawa ni transfoma, ile inayoshusha volti kubwa za laini kuwa za nyumbani, isogezwe karibu na nyumba zenu na waya mnene. Transfoma yenu iko umbali gani na kwako?

KijanaWaWete
Mie naongeza hapo kwenye volti maana watu wanadhani ni lugha ya mafundi tu. Waya wa Tanga unaofika Wesha tangu 2010 ni wa volti 33,000, zile za Unguja zinazotoka Ras Kiromoni mpaka Fumba ni za volti 132,000. Umeme ule ule ukiusafirisha kwa volti mara nne, ampia zinakuwa robo na hasara kwenye waya wa unene huo huo inashuka mpaka moja ya kumi na sita!! Kwa hiyo Pemba tunahitaji njia kubwa, lakini hata ikija leo, kama nguzo zimelala na minazi inagusa waya na vikombe vya kushikilia waya nguzoni vimejaa chumvi ya bahari, Micheweni bado mtakaa na kibatari.

MzeeMakunduchi
Nyie vijana mnakumbuka 2009? Disemba ile Unguja ilizimika mpaka Machi 2010, miezi mitatu, tukateka maji visimani na kila duka la Darajani na jenereta lake mlangoni. Kisiwa kizima kilikuwa kinategemea njia moja ya tangu 1980. Ya pili ya megawati 100 imekuja 2013. Mie nasema tusingoje mpaka kitu kiungue ndo tujenge, ni hilo tu linaloniuma. Binti, usiende kuripoti peke yako, nendeni mtaa mzima na sheha mbele, na mwende na namba.

FundiWaMtoni
Mzee kasema kweli, namba muhimu. Azima mita ya volti, pima asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, wiki nzima, andika na tarehe. Inatakiwa iwe karibu na 230.

BintiMicheweni
Ahsanteni sana, Allah awalipe. Transfoma iko kule skuli, kwa miguu ni robo saa nzima na waya umepita kwenye nguzo za miti. Jana nimeazima mita kwa kijana wa redio, asubuhi 221, saa mbili usiku 164, kwa jirani 159. Nimekaa nikaziangalia zile namba mpaka machozi yakanitoka maana nilikuwa nadhani friza yangu ndo mbovu. Stabilaiza nimeizima. Sheha kakubali, kesho baada ya alasiri tunapita nyumba kumi na nne za mwisho wa laini tupime zote, daftari nishanunua.