Mada: MV Victoria ni meli mpya au ni ile ile?

Wakuu, nauliza wana Mwanza na ndugu zetu wa Bukoba mnaoijua njia hii ya Ziwa Victoria. Meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Glasgow, ikaungwa Kisumu na kuanza kazi 1961, ilisimama 2014, ikakarabatiwa, ikarudi majini 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Abiria 1,200, mizigo tani 200. Kazi imefanyika, sibishi. Lakini hiyo "New" imetoka wapi? (Hapa Kazi Tu naiacha, ni kaulimbiu ya kampeni ya 2015 na ina mada yake.)

Mimi nasema ni ile ile. Umri wa meli ni umri wa bodi lake. Injini unaing'oa unafunga nyingine kama betri ya simu, ila chuma kinaliwa na kutu kimya kimya, na chombo cha miaka zaidi ya sitini kinataka kukaguliwa kwa karibu kuliko kipya. Ukikiita kipya, kesho fedha za matengenezo zinapunguzwa: "si juzi tu tumeipata?" Ndiyo maana katika mradi ule wote mimi nilifurahia zaidi chelezo (pale meli inapopandishwa nchi kavu ikaguliwe na kutengenezwa) kilichojengwa hapa Mwanza.

— Mkuu, usitutishe na umri. MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996 ilikuwa haijafikisha hata miaka 20. Victoria ilikuwepo kabla yake na bado ipo. Tulizika watu kwa sababu ya kujaza abiria kupita kiasi kwenye chombo ambacho uthabiti wake majini ulikuwa na shida. Uzee haukuhusika.

— Nyie watu wa meli kubwa mna maneno mengi. Shukeni Mwaloni pale Kirumba mkamwangalie fundi wa mitumbwi. Anang'oa ubao uliooza, anapachika mwingine, anasindilia pamba kwenye maungio kwa patasi na nyundo, juu anapigilia bati. Mwaka huu ubao huu, mwakani ule. Baada ya miaka kadhaa mbao za mwanzo zimekwisha, umebaki mkuku tu (ule uti wa mgongo wa chini), na jina ubavuni halijabadilika, maana hata mwenye duka la nyavu anaudai mtumbwi kwa jina hilo hilo! Akibadilisha mkuku, hapo ndipo atakwambia amejenga mwingine. Sasa mkuku wa Victoria ni wa lini?

— Ni wa Glasgow huo, mkuu, labda mtu atuletee ushahidi mwingine. Na aliyetaja MV Bukoba kanisaidia mimi mwenye mada. Kama hata chombo kichanga kinazama, basi neno "mpya" halimhakikishii abiria kitu. Wabandike pale ngazini tarehe ya ukaguzi wa mwisho na idadi ya abiria wanaoruhusiwa, kwa herufi ambazo bibi yangu atazisoma bila miwani. Jina waweke wanalotaka.