Shule imetupia matokeo na madeni ya ada ya watoto kwenye grupu la wazazi, nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yupo kidato cha pili, shule ya binafsi hapa Dar. Ijumaa mwalimu wa darasa katupia PDF kwenye grupu la WhatsApp la wazazi: majina kamili ya watoto wote 46, alama za kila somo, nafasi, na safu ya mwisho kabisa "DENI LA ADA". Wangu kawa wa 41, na laki tatu na nusu yake imepakwa rangi nyekundu. Jumatatu kagoma kwenda shule, wenzake wanamwita "Laki Tatu".

Nimempigia mkuu wa shule, anasema ndio utaratibu wa miaka yote. Mbona hata NECTA wakitoa matokeo ya kidato cha nne wanaweka namba ya mtihani tu, jina hakuna?

Najua ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Deni silikatai, nadaiwa kweli. Ila hilo ni langu na mhasibu, si la wazazi wenzangu.

Kuna aliyewahi kufikisha suala la shule kwenye Tume? Nianze na barua kwa mkuu au niende bodi moja kwa moja? Picha za skrini ninazo. Na nikiomba nakala ya taarifa zote za mtoto walizonazo, wanaweza kunibania kisa deni? Nachohofia zaidi ni wasije wakamgeuzia kibao binti, na mwaka huu ana mtihani wa taifa.