Tupeane uzoefu: Kuvuka mipaka ya Kusini-Mashariki mwa Asia kwa barabara na kwa boti za mtoni

Bintimto, Tanga

Wanajamvi, salaam. Jana usiku nilikuwa nikipekua sanduku la nyaraka nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, nikakutana na pasipoti yangu ya zamani, na ndani yake muhuri wa Huay Xai, mji wa mpakani wa Laos, ambao wino wake umeanza kufifia. Usingizi uliniruka hapo hapo. Januari 2014, nikiwa mwanafunzi Bangkok, nilivuka mto Mekong kutoka Chiang Khong nikaingia Laos, wiki chache tu baada ya Daraja la Nne la Urafiki kufunguliwa Desemba 2013, kisha nikapanda boti ya mwendo wa polepole hadi Luang Prabang, safari ya siku mbili yenye kulala njiani Pak Beng.

Boti yenyewe ni ndefu na nyembamba, ina paa, ubavuni iko wazi, nahodha hukaa mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo aliyechelewa kupanda huishia nyuma akisikiliza ngurumo kutwa nzima. Viti vilikuwa vile vilivyong'olewa kwenye magari ya abiria, vimewekwa tu juu ya mbao bila kufungwa, na mama mmoja wa Kilao alikiburuta chake hadi karibu na changu ili tugawane kivuli. Alikuwa na kikapu kidogo cha mianzi chenye wali wa kunata. Alifinya tonge kwa vidole, akalichovya kwenye pilipili, akanitia mkononi bila kusema neno, kwa kuwa hatukuwa na lugha ya pamoja. Mara kwa mara boti ilisogea kwenye mafungu ya mchanga pasipo na gati wala kibao, watu wakashuka na magunia, na mara moja wakashusha hata pikipiki, wakapanda kilima wakatoweka msituni. Yule mama naye alishuka mahali kama hapo, wala sikupata kumuuliza jina lake.

Mdogo wangu anataka kusafiri njia hiyo Novemba, nami sina hakika kama niyajuayo bado yana manufaa. Nawaomba mliopita huko, au njia nyingine za eneo hilo, mtupe uzoefu wenu, mazuri na mabaya.

Mkulima wa Kahama

Dada, wali ule niliula Pak Beng mwaka 2019, na mpaka leo sijapata mfano wake.

Otieno, Kisumu

Mimi siku mbili sikuwa nazo. Nilipanda boti ya kasi kutoka Huay Xai, nikafika Luang Prabang kwa takriban saa sita. Tulipewa kofia ngumu kama za pikipiki, tukakaa wawiliwawili tumekunja magoti hadi kidevuni, na maji yakitupiga usoni kama changarawe. Ni kweli inatisha, lakini mwenye haraka na mwenye moyo atafika. Sioni sababu ya watu kuisema vibaya kila inapotajwa.

Mwana wa Nyegezi, Mwanza

Ndugu Otieno, sababu ipo. Mekong ya juu ina miamba iliyofichika, na wakati wa kiangazi, Machi na Aprili, maji hupungua kiasi kwamba jiwe lililokuwa chini sana Novemba sasa liko kimo cha mkono chini ya chombo kinachokimbia. Kofia unayopewa haikuzuii kuzama. Mimi nimekulia Mwanza, na mwaka 1996 ilipozama MV Bukoba nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa na msiba wa watu wawili. Tangu hapo sipandi chombo chochote cha majini kabla sijahesabu maboya. Ukimwambia mdogo wa mtu kwamba mwenye moyo atafika, utamjibu nini mama yake asipofika?

Otieno, Kisumu

Kaka, nami ni mtu wa ziwa lile lile, kwa hiyo msiba huo naujua. Sikusema apande wakati wa maji machache. Nilipanda Septemba, mto ukiwa umejaa.

Mwana wa Nyegezi, Mwanza

Septemba mto umejaa magogo. Msimamo wangu haubadiliki.

Jiwe la Mererani, Arusha

Nipite kando ya ubishi huo. Sisi wa madini tunaijua zaidi njia ya mashariki mwa Thailand, kwa sababu tanzanaiti na spinel zetu nyingi hupelekwa Bangkok na Chanthaburi. Kule Chanthaburi soko la mwisho wa wiki lina utaratibu wa ajabu kwetu, maana mnunuzi ndiye anayekaa mezani na wauzaji ndio wanaomzunguka na vipakiti vya karatasi. Kutoka hapo hadi mpaka wa Kamboja upande wa Pailin si mbali, nami nilikuwa nikivuka kutazama mawe ya huko.

Njia kubwa, ile ya Aranyaprathet na Poipet, ndiyo iliyonitoa machozi mwaka 2016. Basi lilitushusha kabla ya mpaka wenyewe, kwenye jengo lenye bendera na meza na watu waliovaa mashati yenye nembo, tukaambiwa viza hutolewa hapo. Nililipa. Baada ya mita mia kadhaa nikakuta ofisi ya kweli ya uhamiaji, na dirishani bei imeandikwa kwa herufi kubwa, pungufu sana ya ile niliyotoa. Ushauri wangu ni kwamba usimpe mtu pasipoti yako mpaka uuone mpaka kwa macho yako, yaani watu wanagongewa muhuri wa kutoka upande mmoja na wa kuingia upande wa pili.

Subira, Nairobi

Ndugu wa Arusha, maelezo yako ni mazuri, ila msomaji asiyachukue akaenda. Mipaka ya nchi kavu kati ya Thailand na Kamboja ilifungwa Juni 2025 kwa ajili ya mgogoro wa mpaka, na Julai kukawa na mapigano. Anayepanga safari aulize hali ilivyo wiki ile ile, na aweke akiba ya nauli ya ndege au ya kuzunguka kupitia Laos.

Jiwe la Mererani, Arusha

Asante kwa kunisahihisha. Mimi nilieleza ya 2016.

Mwanakombo, Unguja

Assalamu alaykum. Yangu ni ya heri. Mwaka 2023 nilitoka Phnom Penh kwa boti kwenda Chau Doc, Vietnam, mwendo wa nusu siku hivi kwenye Mekong ileile ya dada Bintimto, ila huku imekwisha kupanuka kama bahari. Mpaka upo mtoni. Boti hufunga kamba kwenye kituo cha Kamboja, mnashuka, mnagongewa muhuri wa kutoka, mnapanda tena, na baada ya mwendo mfupi mnashuka upande wa Vietnam. Viza ya mtandaoni ya Vietnam, ambayo tangu Agosti 2023 hutolewa kwa raia wa nchi zote, inakutaka utaje kituo utakachoingilia, kwa hiyo hakikisha umechagua cha mtoni, si uwanja wa ndege.

Nilifika Chau Doc nikiwa sijala tangu asubuhi, kwa kuwa sikuwa na hakika na nyama. Nikavuka kivuko kwenda Chau Giang, na nilipopanda ukingoni nikasikia adhana. Wallahi miguu ilininyong'onyea. Wale ni Wacham, Waislamu wa miaka mingi, wana msikiti mkubwa mweupe wenye kuba na nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo. Bibi mmoja aliyekuwa akifuma kitambaa aliitikia salamu yangu, akatazama mtandio wangu, akatazama kanga niliyojitanda, akaishika pindo akiipima uzi kwa vidole viwili kama anavyofanya fundi. Nilikula kwake. Fedha alikataa.

Mama Neema, Dodoma

Nimesoma yote haya nikitetemeka, kwa sababu sijawahi kuyaandika yaliyonikuta, na aliyenifanya niyaandike ni huyo mdogo wako anayesafiri Novemba.

Mwaka 2018 niliingia Thailand kwa viza ya kuingia mara moja. Sikujua maana yake. Nilidhani siku sitini ni siku sitini, nitoke nirudi nipendavyo. Nikiwa Bangkok nikapata viza ya Laos ubalozini kwao, nikaenda Luang Prabang, nikashuka hadi Vientiane, roho kwatu. Siku mbili kabla ya ndege yangu ya kurudi nyumbani nikaenda Daraja la Kwanza la Urafiki, lile la 1994 linalovuka kwenda Nong Khai. Laos wakanigongea muhuri wa kutoka, nikapanda basi la darajani. Upande wa Thailand, afisa kijana aliifungua pasipoti yangu, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akarudi tena, kisha akaweka kidole juu ya viza yangu palipokuwa na muhuri unaoonyesha imetumika. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba siwezi kuingia.

Nikarudishwa kwenye basi. Daraja lile lina mita 1,170, nami nililiona refu kuliko safari yote. Nilipofika Laos wakaniambia nimekwisha kutoka, na viza yangu nayo ilikuwa ya kuingia mara moja. Jua lilikuwa linazama mtoni. Nilikuwa na pasipoti halali, tiketi halali na kadi ya manjano ya chanjo niliyoitunza kama yai, ila hapakuwa na nchi ya kunipokea kati ya kingo mbili. Niliketi kwenye benchi la saruji, nikampigia mume wangu simu, na aliposema "haloo" sauti ilinikauka.

Subira, Nairobi

Mama Neema, tafadhali usituache hapo benchini.

Mkulima wa Kahama

Ikawaje?

Mama Neema, Dodoma

Samahanini, nilikwenda kumnyonyesha mjukuu kwa chupa.

Kulikuwa na afisa mmoja wa Laos mwenye umri, wa kiasi cha baba yangu. Zamu yake ilikuwa inaisha. Aliniona nalia, akaichukua pasipoti, akaitazama kwa muda mrefu, akaenda kuzungumza na mkubwa wake. Aliporudi alikuwa amepiga mstari juu ya muhuri wa kutoka na kuandika kando yake kwamba umebatilishwa, kwa hiyo kisheria nikawa sijawahi kutoka Laos. Asubuhi nilikwenda kwenye ofisi ya viza ya Thailand hapo Vientiane, nikapata viza nyingine siku iliyofuata alasiri. Ndege nilikuwa nimeikosa, na tiketi mpya nililipia kwa fedha ya ada ya Neema. Kwa hiyo nasema kabla ya kuuliza habari za boti, muulize mdogo wako viza yake imeandikwa kuingia mara ngapi.

Bintimto, Tanga

Mama yangu, pole sana. Nimemsomea yote, tena mara mbili.

Otieno, Kisumu

Pole, mama. Pole sana.

Subira, Nairobi

Niongeze la kadi ya manjano, maana limetajwa. Sisi wa Kenya, Tanzania na Uganda tunadaiwa cheti cha homa ya manjano tunapoingia Thailand, na kidonda cha wengi ni kukiacha kwenye begi kubwa. Kikae na pasipoti.

Mkulima wa Kahama

Na fedha? Mimi kipu za Laos zilinibakia mkononi, hakuna wa kuzibadilisha nilipokwisha kuvuka. Azitumie zote kabla ya mpaka. Kwa Kamboja abebe dola mpyampya, kwa sababu noti yenye tundu kama kichwa cha sindano huwa inakataliwa.

Jiwe la Mererani, Arusha

Mimi dola zilizokunjwa zilipokewa bila neno. Ila baht, fedha ya Thailand, abebe kila mahali.

Salum, Muscat

Kwa nini ajitese na boti siku mbili? Reli ya Laos na China ilianza Desemba 2021, na kutoka Luang Prabang hadi Vientiane ni kiasi cha saa mbili.

Bintimto, Tanga

Kaka Salum, treni ile itamfaa kushuka Vientiane, ila haitokei Huay Xai, na sehemu kubwa ya njia hupita ndani ya mahandaki. Mto hauoni. Na ukiona mtu anapanda boti ya siku mbili kwa hiari yake, jua ndicho anachokifuata.

Salum, Muscat

Basi asimlipe bajaji wa Luang Prabang bei anayotajiwa. Mimi nilidanganywa kwamba mji uko mbali, nikachajiwa.

Mkulima wa Kahama

Hukudanganywa, ndugu. Gati la boti za polepole liko kilomita kama 10 nje ya mji. Bei pekee ndiyo ya kujadiliana.

Bintimto, Tanga

Ahsanteni nyote. Mdogo wangu ameifungua fomu yake ya viza usiku huu, na kweli alikuwa amechagua kuingia mara moja, amebadilisha. Boti ya kasi amekubali kuiacha, ndugu wa Mwanza awe na amani. Mzigo wake mwepesi nimeuongezea kitu kimoja, kanga ya rangi ya samawati ambayo haijakatwa wala kupindwa, ampe mama yeyote wa Kilao atakayemtilia tonge mkononi.

Mwanakombo, Unguja

Ampe doti nzima, mwanangu. Upande mmoja haupewi mtu.