Bima kubwa au ndogo kwa IST inayozunguka Mbeya na Tukuyu? Nataka kupunguza gharama

Mtoto_wa_Uyole:
Wakuu habari za baridi. Bima yangu inaisha wiki ijayo, ajenti kanipigia simu asubuhi anasema nitume 495,600 kama mwaka jana. Gari ni Toyota IST, nilinunua milioni 12 miaka mitatu nyuma. Natoka nayo Uyole kwenda kazini mjini kila siku, wikiendi naenda Tukuyu kwa wazee. Sijawahi kugonga wala kugongwa, namshukuru Mungu. Sasa najiuliza kwann nisikate ile ndogo ya 118,000 hiyo laki tatu na sabini na kitu nikanunulia mbolea. Wenye uzoefu mnaonaje, au kuna ajenti anayefanya kwa bei chee?

Kipunji:
Ndogo mkuu, usijisumbue. Trafiki anachotaka ni kuona bima iko hai.

MamaParachichi:
Kipunji trafiki sio anayelipa bodi ya gari 😀 Mdogo wangu alisema hivyohivyo, akateleza mteremko wa Inyala mvua inanyesha, akaingia nyuma ya Fuso. Bima ndogo ikamlipia mwenye Fuso taa na bampa, yeye mwenyewe akarudi na breakdown akaanza kuuza magunia ya viazi atengeneze gari. Bima ndogo inamlipa mtu uliyemuumiza au uliyemharibia mali basi, gari lako wewe halihusiki hata liungue lote. Kubwa ndo inalipa na gari lako.

Fundi_Mwanjelwa:
Mimi nanyoosha bodi kwahiyo wateja wa aina zote nawaona. Wa bima ndogo anakuja na jicho jekundu anauliza taa ya mtumba sh ngapi. Wa bima kubwa anakuja na kijana wa kampuni wanapiga picha halafu wanakaa wiki mbili wanasubiri idhini, na mimi gari linanibana uwanja. Ila mwisho wa siku analipiwa. Sema IST vipuri vyake viko kila kona, bonyeo dogo la mlango sio la kukimbilia bima, ukitoa ekses (ile sehemu ya hasara unayojilipia mwenyewe) unakuta wanakulipa hela ya soda.

Broka_Mstaafu:
Ngoja niwasaidie maana nilikaa kwenye hiyo kazi miaka mingi.

Mtoa mada, kwanza achana na kutafuta ajenti wa bei chee. TIRA, wasimamizi wa bima nchini, wameweka kima cha chini cha bei, gari binafsi bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari halafu VAT asilimia 18 juu yake. Ndogo ni laki moja na VAT ndo inakuja 118,000. Uende kwa broka, uende benki, uende kwa ajenti wa pale Kabwe, kima cha chini ni kilekile, kwahiyo mtu akikwambia anakufanyia bima kubwa kwa nusu bei jiulize hiyo nusu nyingine kaifanyaje.

Sasa piga hesabu. Milioni 12 mara asilimia 3.5 ni 420,000, weka VAT 75,600, unapata 495,600 yako. Maana yake ajenti wako kakopi thamani ya siku uliyonunua gari na anaendelea nayo tu mwaka wa tatu huu. IST yako leo ukiiweka sokoni unapata 12? Na ikitokea imeungua yote kampuni itaangalia bei ya soko siku ya ajali, haitakupa 12 kwasababu ulilipia 12. Hapo ndo hela yako inapovuja, na ni kosa la watu wengi kweli kuliko hata hilo la kuchagua kubwa au ndogo.

Kipunji:
Kumbe basi aandike milioni 5 amalize, analipa kidogo na ana bima kubwa 😂

Broka_Mstaafu:
Hapana bwana mdogo, hapo unajichimbia shimo. Ukiandika chini ya thamani halisi wanakufanyia uwiano. Gari la milioni 10 umeandika 5, umepata ajali ya matengenezo ya milioni 2, wao wanasema ulikatia nusu ya gari kwahiyo tunalipa nusu, milioni moja, na ekses wanaitoa humohumo. Wewe unabaki unagombana na mtu wa madai mezani na karatasi umesaini mwenyewe. Andika bei ambayo kweli mtu wa Soweto au Sokomatola hapa Mbeya angekupa leo, sio ya juu sio ya chini.

Mnyalu_wa_Mafinga:
Kamwene wadau. Niongeze la kwangu mana liliniuma. Nilikuwa na Noah nimeikatia bima kubwa ya binafsi, asubuhi napeleka watoto shule, jioni napakia abiria Mafinga Iringa, si unajua maisha. Siku nimepata ajali ndani kuna watu saba wananidai nauli warudishiwe, askari kaandika kwenye ripoti kila kitu. Kampuni ikaniambia gari la binafsi halibebi abiria kwa kulipwa, dai limekataliwa. Nilikuwa nimekwepa bei ya biashara nikaona nimewahi mjini, nikaja kulipa mara kumi. Kama gari linaingiza hela sema ukweli tangu mwanzo.

MamaParachichi:
Pole kaka. Hiyo ya kupakia wengi tunayo jamani tusichekane.

Tunduma_Sokoni:
Nyie mmesahau ya katikati. Kuna bima ndogo iliyoongezwa moto na wizi, watu wengi hawaijui na ajenti hakwambii usipouliza. Kwa gari la zamani ambalo kampuni zinasita kulikatia bima kubwa hiyo inafaa, mi nimekatia Probox yangu, kugonga nitajua mwenyewe ila likiibiwa silali njaa. Halafu kwa wanaovuka kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi, yelo kadi ya COMESA (bima ya gari likiwa nje ya nchi) kata kwa siku unazosafiri tu, sio mwaka mzima wakati unavuka mara mbili. Na hiyo inamlipa mtu wa upande wa pili, uliza ajenti kama gari lako wewe bima yako inavuka nalo mpaka au inaishia getini.

Fundi_Mwanjelwa:
Na stika feki je? Kuna jamaa alileta gari hapa bima kubwa kauziwa stendi kwa 60,000, karatasi nzuri ina hadi muhuri. Tukaingiza namba ya gari kwenye TIRAMIS, ule mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima mtandaoni, haipo kabisa. Kila mtu akikata aingie aangalie palepale kabla ajenti hajaondoka, ni bure.

Mtoto_wa_Uyole:
Aisee asanteni. Nimeenda mchana huu kwa mtu anayeuza magari, kasema gari langu bila kuficha ni milioni 9 na nusu. Nikampigia ajenti akaanza kusitasita eti mfumo umeshajaza, nikamwambia basi nahamia kwingine, dakika tano karudi na 392,350. Nimeokoa laki moja na kitu na bado nina bima kubwa. TIRAMIS nimeangalia, ya mwaka jana ipo, nimepumua.

Ila hapo kwenye ekses ndo sijaelewa, ya kwangu imeandikwa asilimia 10 ya dai, kuna sehemu nyingine wana ndogo zaidi?

Broka_Mstaafu:
Zinatofautiana, hapo sasa ndo ulinganishe kampuni kwa kampuni mana kima cha chini cha bei ni kilekile kote. Ekses, kuvutwa na breakdown, kioo cha mbele, na wanalipa baada ya siku ngapi. Omba waraka wenyewe wa bima usome, sio ile karatasi moja ya risiti. Na muulize Fundi kampuni gani inamlipa kwa wakati, yeye anajua kuliko mimi.

Fundi_Mwanjelwa:
Hapa sitaji mtu, wapo wateja wangu humu 😂 njoo gereji.

Kipunji:
Mimi bado na ndogo yangu lakini nimeenda kuangalia TIRAMIS... inasema imeisha tangu mwezi wa pili. Kesho asubuhi naenda.