Bumu linaisha siku ya 40 na ada bado inadaiwa: nikope kwenye simu au niahirishe mwaka?

Mpangaji wa Geto

Wakuu shikamooni, vyuma vimekaza. Niko mwaka wa pili hapa Dar, nimepanga nje ya chuo. Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo bumu la siku 60 ni 600,000. Siku linapoingia inatoka kodi ya miezi mitatu 150,000 na madeni 110,000, ya duka na ya programu mbili za mikopo. Kila siku nakula kwa mama ntilie 6,000, daladala 1,200, bando na vidogovidogo 1,300. Nyumbani biashara imelala, hawawezi kuongeza kitu. Ada imebaki 420,000, mitihani ni baada ya wiki tano. Kuna programu imenikubalia 50,000. Nichukue, au niahirishe mwaka?

Daftari la Mapato

Mdogo wangu, hesabu yako iko wazi. 600,000 ukitoa 260,000 za siku ya kwanza zinabaki 340,000. Unatumia 8,500 kwa siku: 340,000 gawa kwa 8,500 ni siku 40 kamili. Kwa hiyo hujatapanya, pengo ni siku 20 mara 8,500, yaani 170,000. Mkopo wa 50,000 haufiki hata theluthi ya hapo.

Chakula kikishuka hadi 3,000, matumizi yote yanakuwa 5,500 kwa siku, na siku 60 zinakula 330,000. Zinabaki 10,000. Bumu likiingia usiliache lote mahali unapolifikia kwa simu. Toa kodi na madeni, kisha jihamishie 38,500 kila Jumatatu. Ukiishiwa Ijumaa, umejikosesha siku mbili, siyo ishirini. Na kumbuka bumu lijalo halina kodi ya mwezi wake wa kwanza, tayari umeilipia. Hiyo 50,000 ya kodi utakayookoa ndiyo iende kwenye ada.

Jambo moja wengi hulipuuza: saini chuoni mara majina ya waliotumiwa bumu yanapotoka. Hela isiyosainiwa ndani ya muda hurudishwa Bodi, na kuifuatilia ni kazi.

Sufuria Moja

Hiyo 3,000 inawezekana mkipika wawili. Kwa siku, kwa watu wawili: chai na mihogo 1,000, mchele nusu kilo 1,400, unga nusu kilo 800, maharage robo 800, mchicha au matembele 500, nyanya, kitunguu na mafuta 700. Jumla 5,200. Gesi ya mtungi wa kilo 6 kwa 25,000, ikidumu siku 30, ni kama 800 kwa siku. Jumla 6,000, kila mmoja 3,000. Bei za mtaani kwenu zitapishana kidogo, vipimo ndivyo vya kushika. Kama mtungi na jiko havipo, tafuta mwenzio ambaye tayari anavyo, wewe ujaze gesi ya kwanza.

Gesi inaliwa na maharage. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, funika. Chumvi na nyanya zisubiri yaive, maana nyanya ikitangulia punje zinakaa ngumu na moto unaenda bure. Chemsha nusu kilo mara moja, ugawe siku mbili. Hapa ndipo wengi wanapotupa chakula: joto la Dar linachachusha maharage usiku mmoja. Yaache bila nazi wala kiungo, yachemshe hadi yatokote usiku kabla ya kulala na tena asubuhi, usichovye kijiko kilichotumika. Tia nazi na viungo kwenye fungu unalokula leo tu. Nazi ndiyo inayoharibika kwanza.

Mlinda Mfuko

Usichukue hiyo 50,000. Soma masharti kabla ya kubonyeza: mara nyingi gharama hukatwa mbele. Mfano, umekubaliwa 50,000, inaingia 40,000, unadaiwa 55,000 baada ya siku saba. Umelipa 15,000 kutumia 40,000 wiki moja. Ukikopa huku ulipe kule kwa wiki tatu, umetoa 45,000 na deni bado lipo. Hii ndiyo kausha damu.

Kwa programu mbili zinazokudai, maliza kwanza yenye muda mfupi zaidi wa kulipa, tunza ujumbe wa malipo. Ingia mipangilio ya simu uzizuie kusoma majina ya watu uliohifadhi na picha. Kuifuta programu hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa, ndiyo maana zuia mapema. Wakianza kuwatumia ndugu zako ujumbe wa kukudhalilisha, piga picha ya skrini upeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Angalia pia kama zina leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu zinazokopesha bila leseni.

Karani wa Ada

Kuhusu ada, usisubiri wiki ya mitihani, foleni inakuwa ndefu na anayeweza kukuruhusu hana muda wa kukusoma. Nenda wiki hii. Lipa kwanza chochote, hata 60,000, kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya fedha, nakala kwa mshauri wa wanafunzi: namba ya usajili, kiasi kilicholipwa, kilichobaki, na tarehe mbili za kumalizia. Andika tarehe unazoweza kuzitimiza, kwa sababu ahadi ya kwanza ikivunjika ya pili haisikilizwi. Ambatanisha risiti na barua ya serikali ya mtaa wa nyumbani inayoeleza hali ya mzazi. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kuahirisha kuwe mwisho, tena kwa maandishi na kabla ya mitihani. Anayetoweka tu huhesabiwa kaacha chuo, na mkopo wake nao unayumba. Dirisha la rufaa la Bodi likifunguliwa, omba asilimia ya ada inayolipiwa na mkopo iongezwe.

Mpangaji wa Geto

Asanteni sana. Nimejaribu kulipa 60,000, kontroo namba ya mwanzo inakataa.

Karani wa Ada

Imeisha muda, au ilitengenezwa kwa kiasi kamili cha 420,000. Ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi utengeneze mpya kwa kiasi unacholipa. Ikigoma, ofisi ya fedha wanatoa pale pale dirishani. Hakikisha jina linalotokea ni lako kabla ya kuweka namba ya siri.