Naomba ushauri: mkanda wa kupandia miamba na karabina

Habari zenu wakuu. Niko Iringa, mimi na mdogo wangu tunataka kuanza kupanda miamba kwa kamba.

Nimepata mkanda wa mtumba. Kiunoni umenikaa vizuri, ila kile kitanzi cha mbele kinachobeba uzito wote nyuzi zake zimechanua kama manyoya, na rangi imepauka kwa jua. Lebo haipo. Roho inasita kabisa.

Karabina (zile pete za chuma zenye mlango wa kuunganishia kamba na mkanda) ninazo mbili: moja ya kufunga kwa skrubu, imechongwa 22 kN (yaani inahimili kama tani mbili na ushee), nyingine haina alama yoyote.

Mkanda niutupe? Mpya naweza kuupata Arusha au Moshi? Mdogo wangu ndiye atakayening'inia, naombeni mnijibu kwa uhakika.